Zima Taa, Mwachie Mayai Yake

Kokateli jike aliyetaga mayai manne mwezi jana, akataga matano mwezi huu, na sasa anajipenyeza chini ya kochi akitafuta pa kutaga tena, hajaleta baraka nyumbani. Anaelekea kuumwa. Badala ya kumpiga picha na kuisambaza WhatsApp, mwenye nyumba ajiulize ni kitu gani hapo sebuleni kinachomwambia ndege huyu kwamba msimu wa kulea haujaisha.

Jibu liko wazi, na wafugaji wengi wamekwisha kuambiwa. Taa zinawaka hadi usiku mwingi. Kiota kimeachwa tunduni mwaka mzima. Na kila yai likionekana, mtu anapeleka mkono kuliondoa. Ukiuliza kwa nini, unapewa visingizio.

Cha kwanza: "Lakini hana dume." Kwani kuku wa mayai wanaotulisha mijini wana jogoo? Jike hahitaji dume ili atage. Akipata mwanga mrefu, chakula tele na pembe ya faragha, anataga. Yai hilo halitatoa kinda, lakini mwili umeshalipa gharama yote.

Na gharama si ndogo. Kokateli ana gramu 90 hivi, na yai lake moja hukaribia gramu 5 au 6. Ni kama mwanamke wa kilo 60 azae mtoto wa kilo tatu na nusu, apumzike siku moja, azae mwingine, na aendelee hivyo mpaka wafike watano. Ganda la yai karibu lote limejengwa kwa kalsiamu, na kalsiamu hiyo isipotoka kwenye chakula, mwili huichota kwenye mifupa. Alizeti na mtama tunavyojaza bakulini vina kalsiamu kidogo mno. Ulezi una afadhali, lakini nao hautoshi. Ndiyo maana tunaona ndege wanaovunjika mguu kwa kuruka tu kutoka begani, na wengine wanaotetemeka wasiweze kushika kijiti. Kasuku wa kijivu wanajulikana kwa kuishiwa kalsiamu kwenye damu hadi wakaanguka kwa degedege.

Kuna na yai kukwama. Kalsiamu ikipungua, misuli ya njia ya mayai inakosa nguvu ya kusukuma. Ndege anajivimbisha manyoya, anakaa sakafuni mwa tundu badala ya kijitini, mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, anajikamua na hakuna kinachotoka. Hapo hakuna "tuangalie hadi kesho". Ndege mdogo anaweza kufa siku hiyohiyo. Mweke mahali penye joto na unyevu wa mvuke, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimpake mafuta ya kupikia, wala usilivute yai kwa vidole: ganda likipasuka ndani linachana njia ya mayai, na wakati mwingine njia yenyewe inatoka nje pamoja na yai. Daktari ana sindano ya kalsiamu, na ikibidi atafyonza yai kwa sindano lisinyae litoke. Wapo pia ambao kiini kinawamwagikia tumboni. Tumbo linajaa maji, na kwa kuwa ndege hana kiwambo cha kutenga kifua na tumbo kama sisi, anaishia kuhemea mdomo wazi.

Sasa turudi kwenye ule mkono unaoondoa yai, maana hapa ndipo subira yetu inapoisha. Kila aliyefuga kuku wa kienyeji analijua jambo hili tangu utotoni. Ukimwachia tetea mayai yake, yakifika idadi inayomtosha anaatamia na kuacha kutaga. Ukitaka aendelee kutaga, unayaokota na kumbakizia moja. Mtu huyohuyo akihamia ghorofani na kununua kasuku mdogo wa Australia, anaokota mayai kila asubuhi na kuyatupa, halafu anashangaa kwa nini hayaishi. Mwaka 1887 jarida la ndege la Marekani, The Auk, lilichapisha habari ya kigong'ota wa porini ambaye mtu alikuwa akimpunguzia mayai kila alipotaga, na kumbakizia moja tu kiotani. Alitaga mayai 71 katika siku 73. Aina hiyo kwa kawaida haifikishi hata kumi kwa uzao mmoja.

Basi mwachie. Ayalalie wiki tatu hivi, aone hayaanguliwi, ayaache mwenyewe. Hapo ndipo uyaondoe, na kiota pamoja nayo. Kama yupo dume na hutaki makinda, yachemshe, yapoe, uyarudishe, au weka ya plastiki. Ndege hatakudai maelezo.

"Lakini kutaga ni maumbile yake." Ni kweli, na maumbile yana kipimo chake. Kwao katikati ya Australia, kokateli huzaa mvua zikinyesha na mbegu zikiwa tele. Ukame ukirudi, anaacha. Sebuleni kwetu hakuna kiangazi. Bakuli halipungui, na mwanga haukomi. Katika nchi zetu za ikweta mchana una saa 12 hivi mwaka mzima, lakini tundu lililo karibu na televisheni linapata mwanga tangu saa 12 asubuhi hadi saa 5 usiku. Hizo ni saa 17. Hata London mwezi Juni, siku zikiwa ndefu kuliko zote, jua halifikishi saa 17.

Kwa hiyo saa 12 jioni tundu liende chumba kingine, lifunikwe, na lisifunuliwe hadi saa 2 asubuhi. Kulitupia kitenge juu huku taarifa ya habari inanguruma pembeni si kumlaza ndege. Kama nyumba ni ya chumba kimoja na taa haiwezi kuzimwa mapema, ni vizuri mtu alifikirie hilo kabla ya kununua ndege.

Yanayobaki ni madogo. Toa kiota, kioo, sanduku na karatasi za kuchana. Kasuku wadogo wa Fischer, ambao asili yao ni huku kaskazini mwa Tanzania, wakipewa karatasi huichana vipande vya kujengea kiota. Mkune kichwani tu: kumpapasa mgongoni na chini ya mbawa, kwake yeye, ni kazi ya dume. Punguza mbegu, ongeza sukuma wiki. Wa Pwani hawana kisingizio hata kidogo, kwani mfupa wa ngisi wanauokota bure mchangani. Uoshe, uuanike juani, umtundikie. Na mtoe nje asubuhi apigwe na jua lenyewe, penye kivuli cha kujificha na pasipo paka, kwa sababu kioo cha dirisha huzuia ile miale inayomwezesha kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu unayomlisha haimfai kitu.

Wapo watakaosema watasubiri sindano. Ni kweli zipo sindano na vidonge vya kupachika chini ya ngozi vinavyotuliza homoni za kutaga, na kwa ndege aliyezidiwa vinaokoa maisha. Upo pia upasuaji wa kuondoa njia ya mayai, lakini kwa kiumbe cha gramu 90 ni hatari, na si kila daktari anauweza. Dawa ikiisha nguvu na ndege amerudishwa kwenye kona ileile yenye taa na kiota, ataanza upya, na mwenye ndege atalipa tena.

Wauzaji wa ndege nao waache kuuza tundu lenye sanduku la kiota kwa mtu anayenunua jike mmoja wa kuongea naye. Na wewe uliyekwisha kulinunua, lifungue hilo sanduku leo ulitoe, na jioni uzime taa.