UHARIRI: Dereva anunue data kwanza, picha baadaye

Mashabiki wa kandanda hawajasahau ubishi wa Lusail wa Novemba 28, 2022. Bruno Fernandes alichonga krosi, Cristiano Ronaldo akaruka, mpira ukatinga wavuni na Ronaldo akakimbia kushangilia kama mwenye bao. Vijiweni watu wakarudia picha mpaka macho yakauma. Mmoja anaona nywele zimegusa, mwenzake anaona hewa tupu. Kesi ile haikumalizwa na kamera. Ndani ya mpira wa Al Rihla mlikuwa na sensa inayosoma mara 500 kwa sekunde, na Adidas wakasema haikuona mguso wowote wa kichwa. Bao likabaki la Fernandes, Ureno ikaondoka na ushindi wa 2-0 dhidi ya Uruguay.

Kwenye mbio za magari ubishi wa namna hiyo upo kila wikiendi, tofauti ni kwamba hakuna VAR ya kuumaliza. Dereva anashuka kwenye ndinga anasema kona ya tatu aliipita vizuri, gari ndilo halina nguvu. Fundi anasema gari liko sawa, dereva ndiye aliyeshika breki mapema. Kila mmoja ana video ya simu ya kuthibitisha anachosema, na kesho yake zinatafutwa hela za tairi mpya, ekzosi mpya au tabo kubwa zaidi. Tatizo lenyewe linabaki palepale.

Tangu Safari Rally irudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, hamu ya magari ya mashindano imepanda katika ukanda huu. Vijana wananunua Subaru zilizotumika Japani, wanazifunga viti vya mashindano na kutafuta pa kuzikimbiza. Lakini dereva wa Afrika Mashariki anayetaka mzunguko wa lami wenye hadhi ya kimataifa inabidi avuke mipaka. Kyalami ya Afrika Kusini, yenye urefu wa kilomita 4.522, ni jibu mojawapo. Dubai Autodrome ni lingine. Ukijumlisha nauli, malazi, kukodi gari au kulisafirisha, mafuta na tairi, siku moja ya namna hiyo ni hela ndefu. Mtu akirudi nyumbani na video ya kuweka Instagram tu, bila kujua alipoteza muda wapi, amelipia mechi na kuishia kuangalia mabango ya matangazo.

Ndiyo maana uchaguzi wa kifaa cha kurekodi si jambo la mapambo, na wengi wanaukosea mwanzo kabisa. Wanauliza kamera ipi ina picha kali. Swali la kwanza lingekuwa kifaa kinasoma mwendo na mahali mara ngapi kwa sekunde.

Hesabu yenyewe haihitaji digrii. Gari linalokwenda kilomita 180 kwa saa linakula mita 50 kila sekunde, karibu nusu ya uwanja wa mpira. GPS ya ndani ya simu nyingi husoma mara moja kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kati ya alama moja na inayofuata, gari limeshavuka kutoka goli mpaka karibu na duara la kati, na simu haijui kilichotokea hapo katikati. Dereva akishuka kutoka 180 mpaka 90 kwa breki kali, kazi yote inaisha ndani ya sekunde mbili na nusu hivi. Simu itakuwa imeweka alama mbili, au tatu kama bahati ipo. Kutokana na hizo hakuna anayeweza kusema breki ilianza wapi na iliachiwa wapi.

Kifaa kinachosoma mara 10 kwa sekunde kinaweka alama kila mita 5 kwa mwendo huohuo. Cha mara 25 kinaweka kila mita 2. Hapo ndipo maongezi yanapoanza kuwa ya maana. Wala si teknolojia ya ajabu: zile fulana ndogo nyeusi ambazo wachezaji huvaa chini ya jezi, zinazochekwa mitandaoni kwamba ni sidiria, nyingi zinasoma mara 10 kwa sekunde, na binadamu anakimbia taratibu mno ukimlinganisha na gari.

Habari njema kwa mwenye mfuko mwembamba ni kwamba simu yake haina haja ya kutupwa. Kuna vipokezi vidogo vya GPS, mfano RaceBox Mini ya mara 25 kwa sekunde, vinavyoongea na simu kwa bluetooth, na programu kama RaceChrono inafanya kazi ya kuhesabu mizunguko na kuchora grafu. Kwa anayeanza, huo ndio usajili wa maana kuliko wote: bei ya chini, na anacheza mechi zote.

Wa ngazi inayofuata wapo pia. AiM ya Italia ina Solo 2, kisanduku kidogo kinachomwonyesha dereva muda wake akiwa bado barabarani, na toleo lake la DL linaunganishwa na kompyuta ya gari. Wanayo pia kamera yao, SmartyCam. Racelogic ya Uingereza ina VBOX Video HD2, yenye kamera mbili na data ndani ya boksi moja, lakini bei yake ni ya timu yenye mdhamini. Garmin walileta Catalyst mwaka 2020 kwa dola 999.99. Hii inamsemesha dereva masikioni kama kocha aliyesimama kwenye mstari, na inaunganisha vipande vyake bora kumwonyesha mzunguko ambao angeweza kuupata. Ni kitu kizuri, ila yule anayependa kuchimba grafu mwenyewe ataona inamlisha chakula kilichokwisha kutafunwa.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti ni kwamba picha na data vikiishi nyumba mbili tofauti, kazi imeharibika. Mtu ana kamera yake safi kabisa, ana na data kwenye simu, halafu usiku anakaa na kompyuta kujaribu kuvilinganisha. Akikosea nusu sekunde tu, kwenye ile kasi ya 180 amekosea mita 25. Video itamwonyesha anapita ubao wa mita 100, grafu itamwambia ameshashika breki, na vyote viwili vitakuwa vinadanganya kwa pamoja. Mfumo unaorekodi picha na data kwa saa moja, hata kama picha yake si ya sinema, unaishinda kamera ya gharama iliyo peke yake.

Hii haina maana kwamba kamera haina kazi. GPS ya kawaida hukosea mita moja, mbili, hata zaidi inapotaja mahali, kwa hiyo haiwezi kuapa kama tairi lilikanyaga ukingo wa ndani wa kona au liliupitia mbali. Hilo linaonwa na jicho la kamera. Kamera ndiyo inayoonyesha mikono: nani anageuza usukani mara moja na kutulia, nani anauchezea kama anakoroga uji. Sauti nayo ni ushahidi. Injini inayonyamaza kati ya breki na mafuta inamsema dereva anayeliacha gari lielee huku akijiuliza afanye nini. Kwenye grafu sehemu hiyo inaonekana kama mstari unaolegea taratibu pasipo sababu, na kwa wanaoanza mara nyingi ndiyo inayomeza muda kuliko breki yenyewe.

Kwa hiyo kamera ifungwe nyuma ya bega la dereva, katikati ya viti, ione mikono na barabara kwa pamoja. Ile ya kubandikwa juu ya paa inapendeza kwa mashabiki, lakini hairekodi chochote ambacho dereva alifanya. Utulizaji wa picha uzimwe, kwa sababu unaficha mitikisiko ya gari ambayo mtu angetaka kuiona. Lenzi pana kupita kiasi nayo hufanya kona zionekane za polepole na barabara ionekane ndefu. Mwanga upimwe kwa nje. Kamera inayojipima kwa giza la ndani ya gari itaifanya barabara iwe nyeupe pe, na jua la Dar au Mombasa halina huruma na kosa hilo.

Halafu kuna soketi ya OBD, ile ya chini ya usukani ambako fundi huchomeka mashine yake. Matangazo yanaahidi kwamba ukichomeka hapo unapata kila kitu. Si kweli. Kwa kanuni ya kawaida soketi hiyo inatoa mizunguko ya injini, mwendo, joto na nafasi ya pedali ya mafuta; nguvu ya breki na pembe ya usukani kwa kawaida hazimo. Kwenye magari ya zamani inatoa taratibu, mara chache kwa sekunde. Na hapa kuna mtego kwa watu wa huku. Kanuni ya OBD-II ilikuwa lazima Marekani kuanzia magari ya 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani miaka hiyo halikulazimika kufuata lugha hiyo, hata kama soketi inafanana. Mtu ananunua kifaa kinachotegemea OBD, anachomeka kwenye Subaru ya zamani, kimya. Ajaribu kwanza na kifaa cha kuazima cha fundi kabla ya kutoa hela, au achague mfumo unaotegemea GPS yake wenyewe, ambao haujali gari limetoka wapi.

Vitu vidogo navyo huua siku nzima. Betri ya kamera inakata kwenye mzunguko wa nne. Kamera imeachwa kwenye kioo cha mbele saa saba mchana, imepata moto ikajizima. Memori kadi ya bei poa haimezi data kwa kasi inayotakiwa. Dereva mwenye helmeti, glavu na presha ya kuingia barabarani amesahau kubonyeza kitufe cha kurekodi. Mfumo unaopata umeme kwenye gari na kuanza wenyewe gari linapoondoka una thamani kuliko ule wenye picha za 4K. Kisha kishikio: kifungwe kwa skrubu kwenye mabomba ya usalama, na kama ni cha kunyonya kioo, kiwe na kamba ya akiba. Kamera inayochomoka gari likigonga inaruka kama jiwe ndani ya chumba kidogo chenye watu.

Wapo watakaosema haya ni ya Formula 1. Ni kweli kule data ni roho ya timu. Septemba 2, 2012, asubuhi ya mbio za Spa, Lewis Hamilton aliweka Twitter karatasi ya data ya McLaren iliyomlinganisha na Jenson Button, ili watu waone kwamba alikuwa akipoteza muda kwenye sehemu zilizonyooka, kwa kuwa Button alikuwa na bawa jipya la nyuma. Timu ikamtaka aifute, akaifuta. Button, aliyeanza wa kwanza, akashinda mbio. Karatasi moja tu, ikiwa na mistari miwili iliyolazwa moja juu ya nyingine, ilieleza kilichotokea kuliko saa nzima ya video.

Mistari hiyo miwili ndiyo ambayo kijana wa Nairobi, Kampala au Arusha anaweza kuipata leo kwa kipokezi na simu. Mzunguko wake bora na mzunguko wake wa kawaida, mmoja juu ya mwingine. Au wake na wa rafiki yake mwenye gari kama lake. Race Studio ya AiM na Circuit Tools ya Racelogic hutolewa bure kwa kazi hiyo. Anatafuta mahali mistari inapoachana, anafungua video palepale, anaona kilichofanyika. Kona moja kwa kila mapumziko inatosha. Anayetaka kusahihisha kona zote ndani ya dakika 20 atarudi barabarani akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyotoka.

Klabu za magari nazo zina kazi hapa. Zinapokaa kupanga bajeti ya msimu, vipokezi vitatu vinne vya kuazimisha wanachama kwa siku vingesaidia madereva wengi kuliko kombe kubwa zaidi la mshindi. Dereva chipukizi anayegharimia tairi zake mwenyewe asingelazimika kuchagua kati ya mpira wa kukanyagia na kifaa cha kujifunzia.

Kabla ya kusafiri, mtu asome masharti ya uwanja anaokwenda. Viwanja vingi vinataka kuona kamera ilivyofungwa na havipendi kitu chochote juu ya helmeti. Vingine, kwenye siku za wazi, vinakataza kabisa kupima muda, kwa sababu saa ikishaanza kuhesabu, siku ya mazoezi inageuka mashindano na bima inaweza kugoma kulipa. Nordschleife ya Ujerumani, yenye kilomita 20.832, ina katazo hilo kwa magari ya wageni. Huko kipokezi kibaki kwenye begi.