Baada ya Kiharusi, Tusimsingizie Jini

Mzee amerudi nyumbani Mbagala au Tandale kutoka hospitali. Mkono umeanza kunyanyuka, anatembea kwa mkongojo, majirani wanakuja kutoa pole na kumshukuru Mwenyezi Mungu. Mwezi haujaisha, nyumba imebadilika. Mtu aliyejulikana kwa upole sasa anatukana, analia pasipo sababu, anamtuhumu mkewe kuwa amemwibia fedha, na chakula kilicho upande wa kushoto wa sahani hakioni. Hapo maneno huanza: ametupiwa jini. Anaitwa mganga, anatakiwa kuku mweusi, na fedha ya dawa za shinikizo la damu inakwisha.

Tunasema wazi kuwa hili ni kosa. Kiharusi ni mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka. Sehemu inayokufa yaweza kuwa ile inayoongoza mguu, na yaweza kuwa ile inayoongoza kumbukumbu, lugha au kujizuia hasira. Aliyepotewa na maneno mara nyingi hajapotewa na akili. Anafahamu, ila ulimi hautii. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hupatwa na sonona, nayo inatibika.

Wala si watu wachache. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 wilayani Hai na katika sehemu ya jiji letu, ukachapishwa mwaka 2010, ulikuta kwa mwaka wagonjwa wapya takriban 316 kwa kila watu 100,000 hapa mjini, na 109 kule Hai, baada ya kusawazisha tofauti za umri.

Lakini siku ya kliniki nani humuuliza mzee habari za kumbukumbu zake? Hupimwa presha, akapewa dawa, akaondoka. Basi aliyemsindikiza Temeke au Mwananyamala ndiye aseme yanayotokea nyumbani, naye daktari aweza kumpima kwa maswali mepesi: leo siku gani, taja wanyama, chora saa. Mabadiliko ya ghafla yasisubiri kliniki. Yaweza kuwa kiharusi kingine, maambukizi, au sukari kushuka.

Nyumbani, semeni naye kwa sentensi fupi, jambo moja kwa wakati, na redio izimwe. Fedha anayodai imeibwa msibishane juu yake, itafuteni pamoja naye. Dawa za usingizi zisinunuliwe kwa kukisia. Na mkewe apumzishwe, watoto wagawane zamu, wa kiume wakiwemo (tunawataja makusudi).

Liko zito zaidi. Mgonjwa anamtamkia mkewe wa miaka thelathini maneno ya talaka, na ndugu wa mume wanayadaka upesi, hasa ikiwa ipo nyumba. Wanazuoni wanakubaliana kuwa talaka ya aliyeondokewa na akili haipiti. Je, huyu ameondokewa na akili, au ana hasira tu? Hilo haliamuliwi barazani kwa jirani. Maelezo ya daktari yafike kwa Kadhi kabla mama wa watu hajafungashiwa virago. Na ile hati ya nyumba iliyotiwa dole gumba kitandani, nayo ihojiwe vivyo hivyo.