Moyo na Umakini Vitibiwe Pamoja
Na Abdalla Mwinyi Haji

Mtu mzima aliyezaliwa na ila ya mapigo ya moyo, kisha ikadhihirika ukubwani kwamba ana ADHD, maradhi yamnyimayo umakini na kumzidishia usahaulifu, mara nyingi hupewa na tabibu jibu moja tu: "Kwa moyo wako huu, dawa ya umakini hatukupi." Jibu hilo lina ihtiyati, walakini naliona pungufu, kwani linausahau usahaulifu wenyewe.

Hofu ya tabibu si ya bure. Mwaka 1957 matabibu Jervell na Lange-Nielsen walieleza habari za aila moja ya Norwei, ambayo wanne miongoni mwa watoto wake sita walikuwa viziwi wenye kuzimiazimia, na watatu wakafa ghafula. Katika kipimo cha umeme wa moyo, masafa tangu alama ya Q hata mwisho wa T yalikuwa marefu kupita kiasi, na urefu huo ndio ila niizungumziayo. Na leo yakivuka milisekunde 500, hatari huhesabiwa kubwa. Methilfenidati na amfetamini, dawa za umakini zichangamshazo, huongeza mbio za moyo na shinikizo la damu, na moyo wa namna hiyo haupendi kushtuliwa.

Lakini ngao kuu ya mgonjwa huyo ni vidonge vya beta-bloka, kama nadololi na propranololi, vinavyotakiwa kumezwa kila siku bila kukosa. Itazame meza ya kitandani: kisanduku chenye vijumba saba, cha Jumatatu kitupu, vya Jumanne na Jumatano vimejaa, naye mwenyewe yuaapa kwamba amemeza. Mwambie atege saa ya kengele, na ikiwa ila yake, yenye aina kadhaa, ni ya aina ya pili, mlio wa ghafula alfajiri ndio uwezao kumwangusha.

Kwa hiyo kuuacha usahaulifu bila tiba ni kuuhatarisha moyo uleule tunaodai kuuhifadhi. Nasihi yangu ni kwamba tabibu wa moyo na tabibu wa akili wakae pamoja: beta-bloka itangulie, kipimo cha umeme wa moyo kifanywe kabla na baada ya kila badiliko, dozi ya dawa ya umakini ianze ndogo, wala isidhaniwe kwamba dawa isiyochangamsha ni salama kwa hivyo tu, maana atomoksetini nayo huhadhariwa kwa mioyo hii. Na nyumbani, badala ya kengele, awepo mtu wa kumkabidhi mgonjwa kidonge pamoja na kikombe cha chai ya asubuhi, asiondoke mpaka amekimeza.