Ukarabati Si Mazishi

Kuna neno moja ambalo siku hizi limechakaa kuliko suruali ya utingo, nalo ni neno ukarabati. Mtu akibomoa, anakarabati. Akifukia, anakarabati. Akitoa moyo wa kitu na kubakiza ngozi, ataalika wageni, atakata utepe, na atatuambia kwamba kitu kimezaliwa upya. Leo nataka kugombana na neno hili, na uwanja niliouchagua kwa ugomvi huo uko mbali kidogo: rola kosta za mbao za Marekani.

Msomaji, usikunje uso. Rola kosta ni lile gari la reli la kuchezea katika bustani za burudani, linalovutwa kwa mnyororo mpaka kilele cha kilima cha kujengwa, kisha linaachiwa liporomoke, lipande tena, likate kona, liporomoke tena, abiria wakipiga kelele kama waliovamiwa na nyuki. Mimi sijapanda hata moja. Tangu nimalize kidato cha nne kazi yangu ni kupiga randa katika karakana ya mjomba, na usiku naandika riwaya ambayo bado haijapata mchapaji. Lakini habari za rola kosta nazifuata kwa miaka sasa, kwa kusoma na kwa kutazama video, maana hiyo ni kazi ya seremala iliyo kubwa kuliko zote ninazozijua. Najua nitaulizwa: wewe hujapanda, unasema nini? Nitajibu nikifika mahali pake.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Rola kosta huitwa ya mbao kwa sababu ya njia yake, siyo kwa sababu ya miguu yake. Njia hiyo hutengenezwa kwa mbao zilizolazwa moja juu ya nyingine, mara nyingi tabaka saba au nane, zikakazwa kwa misumari na bolti, na juu kabisa hupigiliwa ukanda wa chuma ambao magurudumu hukanyaga. Gari lina magurudumu ya aina tatu: ya juu hubeba uzito, ya ubavuni hulizuia lisiyumbe, na ya chini ya njia hulizuia lisiruke. Hayo ya chini ni kazi ya John Miller, aliyepata hataza yake mwaka 1919, na ndiyo yaliyofungua mlango wa miteremko mikali ya miaka ya 1920. Cyclone ya Coney Island, New York, iliyofunguliwa mwaka 1927, imesimama juu ya miguu ya chuma, na hakuna shabiki anayebisha kwamba ni ya mbao. Kwa nini? Kwa sababu gurudumu linakanyaga njia ya mbao. Lishike hilo, tutalihitaji.

Sasa, mbao ni kitu kinachopumua. Anayefanya kazi nayo anajua. Hunywa maji ikavimba, hupigwa jua ikasinyaa. Msumari uliokaa sawa mwezi wa mvua utaukuta umelegea mwezi wa kiangazi. Gari likipita kwa kasi, njia hubonyea kidogo na kurudi. Kwa hiyo rola kosta ya mbao haiwezi kujengwa ikaachwa. Asubuhi kabla milango haijafunguliwa, mafundi huitembea njia kwa miguu, wakiitazama, wakikaza nati, wakigonga msumari uliochomoza. Ubao uliochoka hutolewa, mwingine ukatiwa. Ikipita miaka mingi, sehemu kubwa ya mbao za siku ya kwanza haipo tena. Je, ni kitu kingine? Hata kidogo. Jahazi nalo hubadilishwa ubao mmoja mmoja na kutiwa kalafati, na sijasikia nahodha akiliita jipya kwa sababu hiyo. Kilichobaki ni umbo, na ile kazi ya mikono inayolirudisha umbo lake kila linapopotea.

Huo ndio ukarabati. Mfano upo, tena siyo wa ngano. Mwaka 1947 ilijengwa rola kosta ya mbao San Antonio, Texas, ikaitwa Rocket. Bustani yake ilifungwa mwaka 1980, na kilima kikabaki kimesimama bila gari. Kisha watu wa bustani ya Knoebels, huko Pennsylvania, wakaamua kuinunua. Hapakuwa na michoro yake. Basi vipande vilitiwa namba kimoja kimoja, vikafunguliwa, vikasafirishwa zaidi ya kilomita 2,000, vikasimamishwa upya, na mwaka 1985 gari likatembea tena kwa jina la Phoenix. Iliyooza ilibadilishwa kwa mbao, nzima ikarudishwa mahali pake. Mfano mwingine ni The Beast, ya Ohio, ya mwaka 1979, ambayo ina urefu wa mita 2,243 na ndiyo ndefu kuliko rola kosta zote za mbao duniani. Kabla ya msimu wa 2022 zaidi ya mita 600 za njia yake zilitengenezwa upya, na mteremko wa kwanza ukaongezwa ukali kutoka digrii 45 hadi 53. Naam, fundi alibadili umbo. Lakini alilibadili kwa mbao, kwa ufundi uleule, na hakuna aliyeona haja ya kumfukuza seremala ili kazi ifanyike.

Halafu kuna ule wa pili. Texas Giant ilifunguliwa Arlington, Texas, mwaka 1990. Mwaka 1998 na 1999 ilipigiwa kura kuwa bora kuliko zote za mbao katika tuzo za jarida la Amusement Today. Miaka kumi baadaye, mwaka 2009, ilifungwa: inatikisa mno, na kuitunza ni ghali. Ilipofunguliwa tena mwaka 2011 ile njia ya mbao haipo, pamelazwa reli ya chuma, na chini yake imebaki misitu ya nguzo za zamani. Ikaitwa New Texas Giant. Wakafuata wengine: Rattler ya San Antonio ikawa Iron Rattler mwaka 2013, Colossus ya California ikawa Twisted Colossus mwaka 2015, na Mean Streak ya Cedar Point, Ohio, iliyofungwa mwaka 2016, ikarudi mwaka 2018 kwa jina la Steel Vengeance, na sasa inawapindua watu kichwa chini mara nne.

Mashabiki wamezishangilia. Wanasema ni ufufuo. Mimi nauliza swali dogo tu: kama Cyclone yenye miguu ya chuma ni ya mbao kwa sababu ya njia yake, hii yenye miguu ya mbao na njia ya chuma ni ya nini? Hao hao mashabiki, wanapopiga kura, huiweka katika orodha ya rola kosta za chuma! Basi wanajua. Kura yao inasema kweli, mdomo wao unasema ufufuo. Aliyefufuka hatoki kaburini akiwa mtu mwingine wa ukoo mwingine. Kati ya hao wote ninamsifu wa Cedar Point peke yake, maana alau alipomzika Mean Streak hakuendelea kulitumia jina la marehemu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi hizo mpya ni mbaya. Waliozipanda wanazisifu, na nawaamini. Sisemi pia kwamba Mean Streak ilikuwa nzuri. Hata mapenzi yangu kwa mbao hayajafika huko. Ninachokataa ni hukumu inayofuata: ati mbao zimeshindwa, ati zimepitwa na wakati, ati chuma kimekuja kuziokoa. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Tuitazame hukumu hiyo kwa macho makavu.

Ni zipi zilizoshindwa? Colossus ya 1978 ilikuwa na mita 38 kwenda juu. Texas Giant, mita 44. Mean Streak, mita 49, na mwaka 1991 ilipofunguliwa hapakuwa na ya mbao iliyoipita kwa kimo. Rattler ikaja mwaka 1992 na mita 55. Haikumaliza miaka mitatu mteremko wake wa kwanza ukapunguzwa. Mwaka 2000 ikaja Son of Beast, mita 66, tena na kitanzi cha kupindua watu. Mwaka 2006 ikaumiza abiria, kitanzi kikaondolewa, mwaka 2009 ikafungwa, mwaka 2012 ikabomolewa. Unaona ndugu yangu mlolongo huo? Hazikuwa zikishindana kwa uzuri, zilikuwa zikishindana kwa futikamba. Na hesabu ya fizikia ya kidato cha nne ilikuwa wazi kwa kila mtu: ukizidisha kasi mara mbili, nguvu inayosukuma kona ileile inakuwa mara nne. Nguvu hiyo inabebwa na msumari na nati. Fundi atakaza leo, kesho imelegea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kuna kuta zinazojengwa makusudi kwa namna ya kuzaa nyufa kuliko idadi ya mafundi.

Upande wa pili iko Phoenix. Kimo chake ni mita 24. Mwendo wake ni kama kilomita 72 kwa saa, mwendo wa basi la abiria lisilo na haraka. Na mwaka 2018 Phoenix hiyohiyo, yenye umbo la 1947, ilipigiwa kura kuwa bora kuliko zote za mbao katika tuzo zilezile zilizomtukuza Texas Giant, na mwaka 2019 ikachukua tena. Kilichoshindwa, basi, siyo mbao. Kilichoshindwa ni futikamba.

Hapa ndipo nafika kwa mahakimu. Mashabiki wa Marekani wana chama chao tangu mwaka 1978, na siwadharau. Bila kelele zao mengi yangeshakuwa kuni. Leap-the-Dips, ya Altoona, Pennsylvania, ni ya mwaka 1902. Ina kimo cha mita 12 na ushee, haina yale magurudumu ya chini, na ilikuwa ikitembea polepole kama baiskeli ya mzee. Ilifungwa mwaka 1985, watu wakaihangaikia, na mwaka 1999 ikafunguliwa tena. Hao ni watu wa maana. Chama hicho kiliwahi pia kuweka sifa za rola kosta ya asili: chuma cha mapajani kisichokubana, benchi lisilo na kigingi katikati, kiti kisicho na egemeo la kichwa, na abiria achague mwenyewe pa kukaa. Kwa nini? Ili kwenye kilele makalio yaachane na kiti, na kwenye kona umwangukie jirani yako. Hicho ni kipimo cha mtu aliyefikiri: anapima jambo ambalo kitu kiliumbwa kulifanya.

Lakini kati yao wako wahesabuji. Hawa hupanda ili wajumlishe. Amepanda mia tatu, amepanda mia tano, na idadi hiyo anaivaa kifuani kama nishani. Ukimuuliza ipi ni nzuri atakutajia kimo, kasi na idadi ya mapinduo. Hawana tofauti na mhakiki anayesifu riwaya kwa wingi wa kurasa, na wapo kwetu pia, tena wanalipwa. Mbona dawa ipo? Mitch Hawker alianzisha kura yake mwaka 1994 kwa utaratibu wa akili: rola kosta mbili zililinganishwa kwa maoni ya wale tu waliopanda zote mbili. Kwa hiyo kidogo cha mashambani hakikushindwa na kikubwa cha mjini kwa sababu tu ya umati. Laiti vitabu vyetu vingepimwa hivyo.

Na sasa lile swali: wewe uliyekuwa hujapanda, una haki gani? Ladha ya kupanda namwachia aliyepanda, yote, sichukui hata punje. Akisema Steel Vengeance ni tamu kuliko Mean Streak, ni tamu. Lakini swali la kitu gani kimekarabatiwa na kitu gani kimeondolewa halijibiwi na tumbo la abiria. Linajibiwa na anayejua kazi iliyokuwa ikifanyika pale. Ile reli ya chuma inatengenezwa kiwandani, na mafundi wake wana ujuzi wao, siwavunjii heshima. Ila wale waliojua kwa sikio ubao upi unalia na msumari upi umechoka, wamepoteza njia ya kutembea asubuhi. Ujuzi huo haumo katika michoro. Phoenix haikuwa na michoro hata kidogo, na ilisimama tena kwa sababu walikuwapo watu waliojua kusoma mbao. Wakiisha hao, itakayofuata itaokolewa na nani?

Mtaniambia ni gharama. Kweli, mbao ni kazi ya kila siku, na mwenye bustani anatafuta faida. Basi aseme hivyo! Aseme: nimeshindwa kuilipia, nimeiondoa, nimejenga nyingine. Tutamwelewa. Wateja huja karakanani kwetu na mlango wa mninga uliopinda kidogo, wanataka waweke wa bati, na wengine huita hiyo kazi ukarabati. Mjomba hulipokea bati na pesa, maana watoto lazima wale, lakini kwenye daftari la kazi huandika: mlango mpya. Sijamwona akiandika vinginevyo.

Hilo tu ndilo ninalodai, kwa wajenzi wa rola kosta na kwa kila anayeshika cha zamani mkononi, ukiwamo ushairi na lugha yenyewe. Ukitengeneza, tengeneza. Ukiondoa, andika kwamba umeondoa. Anayenipinga na achukue kalamu. Nitamsoma mpaka mwisho.