Mtambo Mmoja, Vipimo Viwili

Wako vijana wengi wanaoamini kwamba mtambo wa michezo uitwao Nintendo Switch, uliotolewa mwaka 2017, hupata nguvu kutoka katika kiweko chake kila unapounganishwa na televisheni. Imani hiyo si sahihi. Kiweko hicho hakina ubongo wa kompyuta ndani yake. Kazi yake ni kupitisha umeme, picha na sauti. Kinachobadilika ni kasi ya mtambo wenyewe.

Ukichezewa mkononi, mtambo hutegemea betri, na joto lake hutoka karibu na vidole vya mchezaji. Kwa sababu hiyo sehemu inayochora picha hupunguzwa mapigo, kwa kawaida hadi megahezi 307 au 384. Ukiwa kwenye kiweko, mapigo hayo hupanda hadi megahezi 768. Mwanafunzi wa fizikia ataelewa sababu: kadiri mapigo yanavyozidi, ndivyo umeme unavyotumika zaidi na joto linavyoongezeka.

Lakini mzigo nao huongezeka. Kioo cha mtambo kina nukta 1280 kwa 720, yaani 921,600. Picha ya televisheni ya nukta 1920 kwa 1080 hudai 2,073,600, yaani mara 2.25. Wakati huohuo sehemu kuu ya hesabu hubaki na megahezi 1020 pande zote mbili, na mapigo ya kumbukumbu hupanda kutoka 1331 hadi 1600 tu, yaani mara 1.2. Msafara hauwezi kupita mbio za mnyama wake wa mwisho.

Ushahidi upo. Mchezo wa The Legend of Zelda: Breath of the Wild wa mwaka 2017 huchorwa kwa mistari 720 mkononi na 900 kwenye televisheni, ukilenga picha 30 kwa sekunde. Ulipotoka, ulisitasita zaidi kwenye televisheni kuliko mkononi, hata ukahitaji marekebisho.

Hapo ndipo kasoro ya matangazo inapoonekana. Mnunuzi anaweza kutajiwa ukubwa wa juu kabisa wa picha bila kuambiwa kasi yake. Mtambo wa Switch 2 wa mwaka 2025 una kioo cha nukta 1920 kwa 1080, na huweza kupeleka 3840 kwa 2160 kwenye televisheni, yaani mara nne. Swali ni lilelile. Yafaa kila kasha la mchezo liandikwe idadi ya nukta na ya picha kwa sekunde, mkononi na kwenye televisheni. Watengenezaji wataweza kujibu kwamba idadi hizo hubadilika wakati wa mchezo. Ni kweli, basi na waandike ya chini pamoja na ya juu.

Hadi hapo, hesabu hii ya kuzidisha na kugawanya ifundishwe darasani. Kijana anayeijua hatanunua namba moja akidhani amenunua zote.