Rejeta ya pikapu kuukuu isichaguliwe kwa bei pekee

Mkulima mdogo anapopiga hesabu za msimu huandika mbegu, mbolea, dawa na vibarua. Ni nadra kumkuta ameandika rejeta. Lakini kwa mwenye pikapu ndogo ya zamani, kifaa hicho ndicho huamua kama mazao yatafika sokoni au yataozea njiani.

Tunayasema haya kwa uzoefu. Pikapu ya familia yetu ni Datsun 1200, aina iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1971 na ambayo Afrika Kusini iliendelea kuiunda kwa jina la Nissan hadi mwaka 2008. Msimu mmoja ilipakia magunia 5 ya vitunguu Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa mjini. Katikati ya mlima Kitonga ikachemsha.

Rejeta ilikuwa na wiki mbili tu tangu ibadilishwe. Ilikuwa ya mtumba, ya bei ya chini kuliko zote dukani, na ilikaa mahali pake bila taabu. Kumbe ilitoka kwenye gari lenye injini ndogo zaidi. Silinda hedi ya injini hii ni ya alumini, imekaa juu ya bloku ya chuma. Ilipopata joto kali ilipinda na gasketi ikaungua. Fedha za vitunguu zikaishia gereji. Rahisi ilitugeukia ghali.

Mwenye gari la namna hii ana njia tatu. Ya kwanza ni kumpelekea fundi rejeta ile ya zamani ya shaba, abakize matangi ya juu na chini, kisha aweke wavu mpya wa vibomba. Ikitoboka tena, fundi yeyote mwenye risasi ya kulehemu ataiziba. Ya pili ni kununua mpya ya alumini. Hii ni nyepesi na hupoza vizuri, ila zile zenye matangi ya plastiki zikipasuka hazilehemeki, na vijijini maana yake ni kununua nyingine. Ya tatu ni mtumba, ambayo ni bahati nasibu kama hujui ilitoka gari gani.

Kwa pikapu ya shamba, ushauri wetu ni njia ya kwanza, ilimradi matangi hayajaliwa na kutu. Vyovyote utakavyochagua, pima upana, urefu na unene wa wavu, hesabu safu za vibomba, na hakikisha matundu ya mipira ya maji yako upande ule ule. Nene kupita kiasi nayo ina hasara, kwani inaweza kuguswa na feni.

Mfuniko nao usidharauliwe. Iringa mjini, mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mfuniko mzima unaobana maji kwa kilo 0.9 huyafanya yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Ukilegea, unapoteza kinga hiyo. Ukiweka wenye nguvu kuliko ulioandikiwa gari, utapasua maungio ya rejeta kuukuu.

Aidha, kabla ya kutoa fedha, mtake fundi akague mkanda wa feni, pampu ya maji na themostati. Wapo wanaoing'oa themostati na kuitupa. Injini hubaki baridi mno na kula petroli zaidi. Maji ya kisima yenye chumvi nayo huziba vibomba, hivyo tumia maji safi yaliyochanganywa na kulanti.

Wauza spea nao wana wajibu. Kumwambia mnunuzi kifaa kimetoka gari gani hakugharimu kitu, na kukaa kimya ni kumuuzia hasara.

Hivyo basi, mkulima asilinganishe bei ya rejeta na rejeta pekee. Ailinganishe na thamani ya mzigo mmoja uliokwama mlimani, pamoja na gharama ya kukarabati injini. Akiziandika tarakimu hizo kwenye daftari lile lile la mbegu na mbolea, atajua ipi ni rahisi.