Kabla Hamjaigusa Stoo ya Sakristia

Kwa wanajumuiya na wazee wa parokia, Morogoro.



Nimesikia kanisa jipya limefika lenta, na vitu vya sakristia ya zamani vimerundikwa stoo vikisubiri uamuzi. Nisikilizeni kwanza mimi niliyeko Utrecht, Uholanzi, mji uliowahi kuharibu vya kwake.

Mwaka 1580 Waprotestanti waliushika mji na misa ikapigwa marufuku. Ukiingia leo kanisa la Dom, utakuta watakatifu wamechongwa kwenye jiwe ukutani. Mavazi yao bado yana rangi, na kila mkunjo wa kitambaa unauona. Nyuso hazipo. Si kwamba zilianguka: mtu alisimama pale akazikata. Dhoruba ya 1674 nayo ikaangusha sehemu ya kati ya kanisa, ndiyo maana mnara wa mita 112 umebaki peke yake ng'ambo ya uwanja.

Wakatoliki waliendelea kusali majumbani, ilimradi nyumba isionekane kanisa kutoka barabarani. Amsterdam kuna nyumba ya kando ya mfereji yenye kanisa zima darini, la miaka ya 1660, ambalo ni makumbusho tangu 1888. Hapa Utrecht mojawapo ya makanisa hayo ya siri sasa ni baa, na kinanda kiko palepale juu ya vichwa vya wanywaji. Najua wazee mtaguna. Angalau paa halivuji.

Ninakopenda zaidi ni makumbusho ya Catharijneconvent, ndani ya konventi ya kale. Kuna kikombe cha pembe ya ndovu kinachohusishwa na Mtakatifu Lebuinus, mmisionari wa karne ya 8. Ndovu mwenyewe, bila shaka, hakuwa Mholanzi. Lakini mimi hukaa zaidi mbele ya mchoro mdogo wa Rembrandt wa mwaka 1626, alipokuwa kijana wa miaka kama 20. Filipo anambatiza yule towashi wa Kushi, mtunza hazina wa Malkia Kandake. Mwafrika amepiga magoti, mikono kifuani. Nyuma yake kuna farasi na watumishi, na mbele mbwa anakunywa maji, hana habari na sakramenti. Sisi tumezoea kuhesabu imani yetu kuanzia 1868, Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo. Huyu alibatizwa wakati Uholanzi haijasikia Injili hata kidogo.

Wataalamu wa makumbusho hayo husaidia pia parokia zinazofungwa, na huku zinafungwa nyingi. Kila kitu huulizwa kilitoka wapi, nani alikitoa, kilitumika lini. Baada ya hapo ndipo huamuliwa kibaki, kipewe kanisa lingine, au kiachwe.

Kwa hiyo naomba hivi. Kalisi kuukuu isiuzwe kwa fundi wa fedha. Madaftari ya kwanza ya ubatizo yatolewe sakafuni leo, mchwa hawasubiri kikao. Kasula zipigwe picha, na bibi waliozishona waulizwe majina ya waliochanga kitambaa wakiwa bado wanakumbuka. Watumeni vijana wa kwaya Bagamoyo, wakaone makumbusho ya misheni yanavyoendeshwa. Kabati la chuma nitalilipia mimi, nitumieni bei.

Ndugu yenu,
Utrecht